Taa ya Mama Iliyopakwa Vanishi

Fundi redio alipoingia kwenye duka la dobi, kila aliyekuwamo alidhani amefuata nguo. Hakuwa na nguo pale na hakuwahi kuwa nazo; shati lake lilikuwa na vitobo vya cheche za risasi ya kulehemia, na mkewe ndiye aliyemfulia siku zote. Alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi, akaitazama kalenda ya ukutani kana kwamba ametumwa aikariri.

"Lete risiti, mzee," mwenye duka akamwambia.

"Sina risiti. Namtaka binti wa Mama Shaba."

Binti huyo alikuwa nyuma ya pazia, ameinamia kola ya shati jeupe kwenye pasi ya mvuke. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina lilimganda hata mvi za kwanza zilipoanza kumchungulia kichwani. Aliitambua ile sauti. Fundi redio alikuwa jirani yao wa chini, mwenye kibanda chini ya ngazi, na mtu kama yeye hafungi kibanda asubuhi akavuka mji kwenda kumsalimia mtu kazini. Kitinda akamaliza kola, upande huu na upande ule, akaisimamisha pasi, akatoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akaigeuza kofia, akaigeuza tena. "Mama yako leo hakufungua dirisha. Mke wangu akapanda kumgongea, kimya. Tukaingia. Tumemkuta kwenye kiti chake, mbele ya ile rafu, mikono kaiweka hivi mapajani. Tukadhani anasali, tukarudi nyuma tusimkatize."

"Kumbe?"

"Kumbe alikuwa ameshamaliza."

Mwenye duka alimpa pole, akamshika mikono yote miwili, akamwambia akae nyumbani mpaka moyo utulie. Alipofika mlangoni akamwuliza, kwa upole kabisa, kama lile shati jeupe lilikuwa limeisha. Kitinda akasema limeisha.

Njia nzima alikuwa akiwaza neno la mwisho la mama. Alfajiri alipokuwa akitoka, mama alikuwa bado kitandani, amejifunika mpaka puani, akasema, "Usibamize mlango." Basi. Mtu anakuzaa, anakulea, mnakaa chumba kimoja mpaka mnakohoa kikohozi kimoja, halafu anaondoka anakuachia habari za mlango. Na Kitinda hakuubamiza. Alikumbuka hilo vizuri. Aliurudisha taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

*

Jina la Mama Shaba alipewa na majirani, na alilipata kihalali.

Alipoolewa alikuja na shuka moja lililofungwa fundo. Mama mkwe wake alilipima kwa mkono, likamvuta chini, akauliza, "Nimeozeshewa bibi harusi au fundi wa masufuria?" Ndani hakukuwa na nguo. Kulikuwa na shaba ya manjano, ile ya ibada, aliyopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake: Ganesha mwenye kichwa cha tembo, Lakshmi amesimama juu ya ua la yungiyungi, Krishna mtoto mchanga anayetambaa, kengele yenye ndege kwenye mpini, kibuyu kidogo cha maji, na taa ya mafuta yenye midomo mitano na bata maji juu yake. Vyote hivyo vilipangwa kwenye rafu ya mbao karibu na dirisha, na rafu hiyo ndiyo iliyokuwa hekalu la nyumba ile ya vyumba viwili.

Mume wake alikuwa msoma mita za maji. Aliugua kifua, akakohoa misimu miwili ya mvua, akaondoka. Mama Shaba akaingia kwenye karakana ya sare za shule, akawekwa kwenye mashine ya overloki, na hapo ndipo ujana wake ulipoishia, akikunja kingo za sketi za watoto wa watu. Alirudi na nyuzi kwenye nywele na vumbi la kitambaa kooni. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Akikupa chai anakuambia usiimwage, akikupa baraka anakuambia usiichezee.

Lakini asubuhi, kabla ya karakana, alikuwa mtu mwingine. Aliwashusha wale wa rafuni mmoja mmoja, akawaosha, akawasugua kwa ndimu na majivu, akawasuuza, akawafuta kwa kipande cha sari kuukuu, akawarudisha, akatia mafuta, akawasha taa. Siku za mapumziko aliwatoa nje ngazini, apate mwanga wa kuwasugua mpaka kwenye mikunjo. Watoto wa jirani walikuwa wakimtania.

"Mama Shaba, wanaoga tena? Si walioga jana?"

"Na wewe jana si ulikula? Mbona leo nimekuona na mkate?"

Ngazini pale ndipo alipowafundisha wanawe dini. Hakuwa na kitabu. Alifundisha kwa kushika. "Angalia masikio haya," alisema, akimsugua Ganesha nyuma ya sikio kama anavyosuguliwa mtoto mchafu. "Makubwa. Mdomo umejificha chini ya mkonga. Maana yake sikia sana, sema kidogo. Na huyu panya chini yake ni tamaa. Tamaa ukiikalia, inakubeba. Ukiiachia iwe juu yako, inakutafuna." Lakshmi alikuwa amesimama kwenye ua linaloota matopeni bila kuchafuka; mama alikuwa akiwaonyesha nyayo zake, kisha anawatazama na nyayo zao. Kengele ilikuwa ya kuwaambia wote waliomo ndani, hata wale wenye kununa, kwamba Mungu anaingia, kwa hiyo wakae vizuri. Taa ndiyo ilikuwa mtu mwenyewe: mafuta ni yale unayoyatamani, utambi ni ile mimi-mimi yako, na moto unakula vyote viwili ili wengine waone njia.

Aliyempenda zaidi ya wote alikuwa yule mtoto anayetambaa, goti moja chini, mkono mmoja umeinuliwa na donge la siagi. Alikuwa hana uso. Vidole vya mama, na vya mama yake mama, na vya bibi, vilikuwa vimeula kwa kusugua mpaka ukabaki laini kama kokoto la mtoni. Kitinda alipokuwa mdogo aliogopa.

"Mama, huyu mtoto haoni?"

"Anaona sana. Macho yake yamehamia hapa." Akamwonyesha kidole gumba. "Mungu mkubwa ungemwogopa, mwanangu. Kwa hiyo amejifanya mtoto, ili mtu kama mimi nipate cha kumfanyia. Nimwogeshe, nimfute, nimpe chakula. Yeye hana shida ya kuogeshwa. Mwenye shida ni mimi."

Mara moja tu Kaka mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na akili za shule na mdomo wa shule, alimwuliza kwa nini wasiwe na vitu vya dhahabu, ambavyo havifubai. Mama hakukasirika. "Dhahabu haikuhitaji," alisema. "Ukiipa kisogo mwaka mzima, inang'aa vilevile. Shaba ukiipa kisogo siku chache inakununia. Inafanana na moyo. Leo umeusafisha, kesho una kutu. Ndiyo maana tumepewa shaba, tusije tukajiona tumemaliza."

Kaka mkubwa alicheka. Alikuwa anapendwa, na mtu anayependwa anaweza kucheka popote. Aliendelea na masomo ya juu. Kitinda alimaliza kidato cha nne na matokeo ya kujivunia. Mama akayaweka nyuma ya Lakshmi, akasema atayaombea. Yalikaa pale mpaka yakanuka mafuta ya taa, na Kitinda akaenda kwa dobi, kwa sababu nyumba haikuweza kuwa na wasomi wawili kwa wakati mmoja. Hilo halikusemwa kamwe. Lilikaa tu mezani pamoja nao kama mgeni asiyeaga.

*

Kaka mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu. Mtu mbaya ungemchukia ukapumua.

Alifanikiwa. Alifungua duka la vigae na mabomba ya bafuni, akajenga, akaoa mwanamke mrefu mkimya ambaye Kitinda alikuwa akimwita wifi kwa mdomo na mgeni kwa moyo. Alikuja kumwona mama kila wiki, na siku moja akamkuta anajaribu kukamua ndimu. Vidole vya mama vilikuwa vimepinda kwa miaka ya overloki, na ndimu ilimshinda, ikamdondoka, ikabingirika mpaka miguuni pa mwanawe. Kaka mkubwa aliiokota, akageukia dirishani. Kitinda aliyaona mabega yake yakitikisika.

"Mama," alisema baadaye, "nipe hawa wote. Nitakurudishia."

Aliwarudisha ndani ya sanduku lililojaa pamba. Alikuwa amewapeleka kwenye karakana ya watu wanaomng'arishia mabomba ya hotelini. Walisuguliwa kwa mashine, kisha wakapakwa vanishi ngumu inayozuia hewa. Waling'aa mpaka ukutani kukawa na madoa ya mwanga. Aliwapanga rafuni mwenyewe, akiwa na furaha ya mtoto.

"Basi, Mama. Hutasugua tena maisha yako yote. Unapangusa vumbi tu. Na huyu mdogo, fundi akaniambia uso umelika, akamchonga upya. Wala hakutaka kitu. Kajitolea."

Mama alimpokea yule mtoto wa shaba. Kidole gumba chake kilienda pale kilipozoea kwenda kila siku ya maisha yake, kikagota kwenye pua. Pua ndogo, kali. Juu yake macho mawili ya kuchongwa, yamefumbuliwa wazi, na chini mdomo unaotabasamu kama wa mwanasesere wa dukani. Alikaa na kidole pale pale.

"Zimependeza, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Kaka mkubwa akashuka ngazi akipiga mluzi. Mama alisubiri mpaka mluzi ukapotea barabarani, ndipo akamwelekezea Kitinda yule mtoto.

"Huyu ni nani?"

Kitinda akampokea, akamrudisha rafuni.

Jioni waliiwasha taa, kwa kuwa taa huwashwa jioni. Vanishi ikaanza kutoa mapovu kwenye midomo yake mitano, ikageuka kahawia, ikatoa moshi wenye harufu ya plastiki inayoungua. Fundi redio alipanda mbio na koleo mkononi.

"Kuna transfoma inaungua humu?"

"Ni Mungu wetu anaungua," mama akamjibu. "Rudi kwenye redio zako, baba, asante."

Kaka mkubwa aliposikia kwamba taa inanuka, alileta nyingine, ya betri, ya kubonyeza chini kwa kidole, yenye mwali wa plastiki unaocheza. Mama alisema nayo imependeza. Kisha, kwa kuwa hakukuwa tena na kusugua wala kuwasha, Kaka mkubwa akaona ni hasara vitu vizuri vile kukaa kwenye rafu ya mbao. Nyumba yake mpya ilikuwa na kabati la vioo sebuleni, lenye taa ndani. "Kwangu wataonekana," alisema. Mama alikubali. Walifungwa tena kwenye shuka, wakashuka ngazi kama walivyopanda, isipokuwa safari hii bibi harusi alibaki juu.

Usiku wa siku ile Kitinda na mama walikosana vibaya kuliko siku zote.

"Mwambie. Mwambie tu kwamba amekuharibia."

"Na wewe usithubutu. Amefanya kwa mapenzi. Ukimwambia, sikusamehi hata huko niendako."

"Mimi ungeniambia. Mimi unaniambia hata chai ikipungua sukari."

"Wewe upo," mama akasema. "Yeye anakuja na kuondoka."

Kitinda alilitafuna neno lile kwa siku nyingi, asijue kama alisifiwa au alitukanwa.

Mama aliendelea kuamka alfajiri. Aliosha mikono, akakaa kwenye kiti mbele ya rafu, mikono mapajani, akaitazama taa ya betri. Aliendelea kununua ndimu mpaka zikakauka bakulini. Akaanza kusugua vijiko. Akasugua bomba la maji. Akasugua kitasa cha mlango mpaka kikang'aa kuliko kitu chochote katika jengo lile. Mgeni angedhani humo ndani anaishi tajiri. Siku moja, akiwa anakisugua, bila kugeuka, akasema, "Siku nikienda, usinibonyezee ile ya betri. Nataka taa yangu kichwani pangu, yenye mafuta. Roho yangu itafuataje kitu kisichoungua?"

"Itakuwepo, Mama."

"Usiseme tu itakuwepo. Wewe ni mwepesi wa kusema."

*

Kwa hiyo Kitinda alipoingia nyumbani kwa Kaka mkubwa alasiri ile, hakuja kulia. Mwili ulikuwa umeshapelekwa mochwari; asubuhi ungeletwa pale sebuleni uagwe, kisha uende kuchomwa. Kaka mkubwa alikuwa akihamisha makochi na vijana wa dukani kwake. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayepokea mzigo wa vigae: hapa kichwa, pale maua, hapa kuhani wa hekalu atasimama. Kwenye meza ndogo, tayari, ilikuwepo taa ya betri.

"Nataka taa ya Mama," Kitinda akasema. "Ile ya kabatini."

"Hii hapa imeletwa."

"Hiyo si taa."

"Mdogo wangu, usianze. Ile inanuka, unajua. Watakuja watu wa kila aina, wakuu wa shule, wateja, jumuiya nzima. Unataka wakae wanafunika pua mbele ya maiti ya Mama?"

"Aliiomba."

"Lini? Mimi hakuniambia."

"Wewe angekuambia nini? Wewe ulikuwa unaambiwa zimependeza."

Vijana wa dukani wakakumbuka kwamba kuna kochi lingine nje. Kaka mkubwa akasimama wima.

"Maana yake?"

Kitinda alijua amefika kwenye mstari aliochorewa. Alimwomba mama msamaha moyoni, bila matumaini makubwa ya kuupata, akauvuka.

"Maana yake alikudanganya. Hazikupendeza. Ulimchongea mtoto sura ya mtu asiyemjua, ukampaka Mungu wake vanishi asimguse. Alikuwa hana tena cha kufanya asubuhi. Nenda kaone kitasa chetu. Alikuwa anasugua kitasa, Kaka. Amekufa anatazama betri."

Alitegemea apigwe kelele. Kaka mkubwa alikaa kwenye mkono wa kochi, taratibu, kama mzee.

"Vidole vilikuwa vinamuuma," alisema. "Nilimwona. Ndimu ilimdondoka."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Na wewe ukakubali." Alicheka kicheko kikavu. "Siku zote mlikuwa na mambo yenu wawili kule juu. Mimi nakuja napewa kiti kizuri na kikombe kisicho na ufa, kama mkaguzi. Ningejua vipi? Hata kununiwa sikununiwa."

Kitinda hakuwa amewahi kufikiri kwamba kikombe kile kisicho na ufa kinaweza kumuuma mtu. Hakutaka kulifikiria wakati ule. "Ufunguo wa kabati uko wapi?" akauliza.

Kaka mkubwa akatikisa kichwa. "Ile taa ni vanishi tupu. Ukiiwasha itafuka. Sitaki Mama aondoke na moshi wa plastiki. Hilo nalo ni kosa langu, sawa, lakini sitaki." Akatoka nje kwa vijana wake, akaanza kuwagombeza kwa ajili ya kochi.

Wifi alikuwa mlangoni mwa jikoni, na alikuwa amesikia yote. Alipita mbele ya Kitinda, akafungua kabati la vioo. Halikuwa hata limefungwa. Akaitoa taa, akamtoa na yule mtoto, akavipakata.

"Njoo," alisema.

Walikaa uani kwenye ndoo zilizogeuzwa. Wifi aliingia ndani akarudi na furushi la pamba na chupa ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha akarudi tena akaleta chupa nyingine, nusu. Alilowanisha pamba, akaisugua kwenye mdomo mmoja wa taa, akamwonyesha. Pamba ilikuwa imenata, na pale alipopita shaba ilikuwa imepauka, mbichi.

"Ulijuaje?" Kitinda akauliza.

"Dawa ya kucha ilinidondoka siku nawapangusa. Nikaona vanishi inatoka." Aliendelea kusugua. "Nilitaka kusema. Lakini mimi ni nani? Mmeninyima hata kunikasirikia. Kila nikimpangusa huyu mtoto, najiona nimembeba mtoto wa watu bila ruhusa."

Kitinda alichukua pamba. Wakasugua, huyu midomo, yule mbawa za bata maji, ambako vanishi ilikuwa imejikusanya kwenye mikunjo. Harufu iliwapanda kichwani mpaka macho yakatiririka, na kwa kuwa yalikuwa yanatiririka tayari, Kitinda aliyaacha. Wifi hakumwambia anyamaze. Walipomaliza dawa wakakata ndimu. Majivu hayakuwepo, nyumba ile ilikuwa na jiko la umeme, wakatumia chumvi. Jua lilipokuwa linaondoka uani, taa ilikuwa haing'ai kama ya hotelini. Ilikuwa na rangi ya uvivu ya vitu vya nyumbani.

Kaka mkubwa aliwakuta hapo. Aliitazama taa, akainama akamchukua yule mtoto, ambaye vanishi yake nayo ilikuwa imetoka. Alimzungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole usoni.

"Na huu uso?"

"Huo hautoki," Kitinda akasema.

"Tukisugua?"

"Utatoka. Usugue wewe, asugue mwanao, asugue na mjukuu wako."

Alitaka neno hilo limchome, na lilimchoma. Hakujisikia vizuri baada yake.

*

Asubuhi mwili uliletwa. Mama alikuwa amevishwa sari nyeupe, amekuwa mdogo, na vidole vyake vilivyopinda vilikuwa vimenyooshwa na mtu wa mochwari asiyejua kwamba havikuwa vikinyooka. Taa ya shaba iliwekwa kichwani pake. Kaka mkubwa alimpa Kitinda kibiriti.

"Washa wewe. Mimi sijui tambi zinakaaje."

Aliwasha midomo yote mitano. Mmoja ulifuka kidogo. Palikuwa na vanishi waliyoisahau chini ya bawa. Harufu ilipita sebuleni, waombolezaji wa mstari wa mbele wakatazamana, fundi redio akakohoa. Kisha ikaisha, na ukabaki mwali na mafuta. Kuhani alisoma. Watu walipita mmoja mmoja, wakaweka maua miguuni. Mwenye duka la dobi alikuja, amevaa shati jeupe.

Kabla ya jeneza kufunikwa, Kaka mkubwa alimtoa yule mtoto mfukoni akataka kumweka mikononi mwa mama.

"Usimweke huyo," Kitinda akamwambia kwa sauti ya chini. "Mama hamjui."

Kaka mkubwa alisimama pale, mkono umeinuliwa. Kisha akamrudisha mfukoni.

Walikwenda kwa magari mpaka mahali pa kuchomea. Kitinda alikaa nyuma na taa mapajani, ameizungushia kiganja isizimwe na upepo wa dirishani. Midomo mitatu ilizimika njiani, miwili ikafika. Kuhani alisoma tena, kwa ufupi, kwa sababu kulikuwa na familia nyingine iliyokuwa inasubiri nje. Kaka mkubwa, kama mwana wa kwanza, alichukua moto kwenye taa akaugusisha kwenye kuni. Kuni zilikuwa kavu, zikashika. Wanawake walisimama upande mmoja, wanaume upande mwingine, na joto lilipozidi wote wakarudi nyuma. Kitinda alisema sala ya jioni, ile aliyofundishwa ngazini, ingawa ilikuwa bado asubuhi, kwa sababu ndiyo aliyoijua mpaka mwisho. Alimwomba Mungu ampokee mama yake, na ampe kazi ya kufanya.

Mafuta yalipokwisha taa ilizimika yenyewe. Watu walinawa mikono kwenye bomba lililoko langoni, wakapeana pole, wakaanza kuulizana nani anarudi na gari lipi. Kaka mkubwa alibaki karibu na moto, mkono mmoja mfukoni alimokuwa yule mtoto, mpaka mhudumu alipokuja kumwambia majivu yatakuwa tayari kesho.